Nani Aliamua Chipu Iliyomo Ndani ya Kompyuta Yako?

Katika saiba za senta ya Plateau, Uasin Gishu, kwenye njia ya reli iliyofika Eldoret mwaka 1924, ndiko watu hujazia ritani za kodi za KRA, vijana huombea mkopo wa masomo wa HELB na kuchagulia kozi za vyuo za KUCCPS, na wakulima wa mahindi hutafutia stakabadhi zao za eCitizen. Mashine zenyewe mara nyingi ni mitumba: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, zile ambazo wauzaji wa Eldoret na Nairobi huziita ex-UK. Zilitumika miaka mitatu au minne katika ofisi za Ulaya, zikapanguswa, zikawekewa diski mpya, zikaletwa huku. Karibu na kibodi utaona kibandiko cha Intel kilichochubuka pembeni kwa sababu kiganja cha mtumiaji hukipitia siku nzima.

Mwenye saiba hakuichagua Intel. Aliangalia bei, RAM na betri. Muuzaji wa jumla aliyemletea naye hakuichagua. Alinunua mzigo uliopatikana. Hata karani wa ofisi ya Ulaya alipewa tu kompyuta mezani. Uamuzi ulifanywa mapema zaidi, katika mazungumzo kati ya kampuni chache zinazounda kompyuta na kampuni mbili zinazotengeneza chipu zake kuu, Intel na AMD. Mazungumzo hayo yana historia ndefu, yamefikishwa mbele ya wadhibiti na mahakama katika mabara matatu, na Afrika imetajwa ndani yake. Ninaamini tunastahili kuyafahamu, kwa sababu sisi ndio wanunuzi wa mwisho katika mnyororo huo, na wakati bidhaa inapotufikia hatuna tena nafasi ya kusema lolote.

Ushindani wenyewe ulizaliwa kwa masharti ya mnunuzi. IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwezi wa Agosti 1981, iliweka ndani yake chipu ya Intel 8088. Lakini IBM haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja, ikadai pawe na kampuni ya pili yenye ruhusa ya kutengeneza chipu zilezile. Kwa hiyo mwaka 1982 Intel na AMD zikatia saini mkataba. Urafiki huo haukudumu. Intel ilipotoa chipu ya 386 katikati ya miaka ya 1980, ilikataa kumkabidhi mwenzake michoro. AMD ikaenda kwa wasuluhishi mwaka 1987, na ilipofika 1991 ikaingia sokoni na 386 yake yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1991 Intel ikaanzisha kampeni ya "Intel Inside", na hapo ndipo asili ya kile kibandiko. Mtengenezaji wa kompyuta aliyeweka nembo ya Intel kwenye matangazo yake alirudishiwa sehemu ya gharama za matangazo hayo. Watu ambao hawakuwahi kuona chipu kwa macho wakaanza kuiulizia dukani kwa jina. Ulikuwa ustadi halali wa biashara, na sina ugomvi nao. Ugomvi unaanza na yaliyofuata.

Mwaka 1999 AMD ilitoa chipu ya Athlon, na Machi 2000 ikawa ya kwanza kufikisha kasi ya gigahezi 1. Mwaka 2003 ikaja na Opteron kwa seva na Athlon 64 kwa kompyuta za kawaida, chipu zilizoweza kushughulikia programu za biti 64 bila kuzitupa zile za zamani za biti 32. Intel ilikuwa imeelekeza nguvu zake kwenye Itanium, njia tofauti kabisa, na mwaka 2004 ililazimika kufuata muundo wa AMD. Mpaka leo chipu za Intel zilizomo kwenye laptopu za Plateau hufuata maelekezo ya biti 64 yaliyobuniwa na AMD.

Mtu angetarajia kwamba kampuni iliyo mbele kiasi hicho ingeuza kwa kasi. Haikuwa hivyo. Dell, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kompyuta duniani, haikuuza mashine hata moja yenye prosesa ya AMD mpaka mwaka 2006. Sababu zilijulikana baadaye. Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani iliishtaki Dell mwezi wa Julai 2010 kwa kuwaficha wenye hisa asili ya faida yake. Kwa mujibu wa tume hiyo, malipo ya Intel yalikuwa sawa na asilimia 10 ya faida ya uendeshaji ya Dell katika mwaka wa fedha wa 2003, yakafika asilimia 38 mwaka wa fedha wa 2006, na katika robo ya kwanza ya mwaka wa fedha wa 2007 yakapanda hadi asilimia 76. Dell ilikubali kulipa faini ya dola milioni 100 bila kukiri wala kukana. Kampuni inayopata robo tatu ya faida yake kutoka kwa muuzaji wake mmoja haina uhuru wa kumwambia mteja wake kwamba chipu ya jirani ni bora.

Namna punguzo linavyoweza kufunga mlango, mfugaji wa Plateau anaielewa bila kusomea uchumi. Mnunuzi wa maziwa anakuambia: ukiniletea maziwa yako yote, ya asubuhi na ya jioni, nitakuongezea shilingi chache kwa kila lita, ukipeleka mkebe mmoja kwingine, nyongeza hiyo unaipoteza kwenye lita zote. Mnunuzi wa pili akitaka huo mkebe mmoja, itambidi akufidie hasara ya mikebe yote.

Sasa tupige hesabu ya chipu kwa tarakimu za mfano tu. Kiwanda cha kompyuta kinahitaji chipu 100. Bei ya Intel ni dola 100 kwa chipu, na kikinunua angalau 95 kinarudishiwa dola 10 kwa kila moja. Kikichukua zote 100 kinalipa dola 9,000. Kikiamua kuchukua 20 kutoka AMD, punguzo linapotea: chipu 80 za Intel zinagharimu dola 8,000 kamili. Ili kiwanda kisipate hasara, AMD inapaswa kuuza zake 20 kwa dola 1,000, yaani dola 50 kila moja, wakati Intel inauza zake kwa dola 90. Na kiwanda hakiwezi kuhamia AMD moja kwa moja kwa chipu zote 100, kwa sababu AMD ya miaka hiyo haikuwa na viwanda vya kutosha na baadhi ya wateja waling'ang'ania jina la Intel. Bei inaonekana imeshuka, mnunuzi anafurahi, lakini mshindani mwenye bidhaa nzuri anatupwa nje. AMD ilidai katika kesi iliyofungua Delaware mwezi wa Juni 2005 kwamba iliwahi kuipa HP chipu milioni 1 bure, na HP ikachukua 160,000 tu kwa kuogopa hasira ya Intel.

Tume ya Haki ya Biashara ya Japani ilikuwa imeikemea Intel miezi michache kabla ya hapo, Korea Kusini ikaitoza faini mwaka 2008, na tarehe 13 Mei 2009 Tume ya Ulaya ikatangaza faini ya yuro bilioni 1.06. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Intel ikailipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao.

Uamuzi wa Ulaya unahitaji kusomwa kwa makini na Mwafrika. Tume ilieleza makundi mawili ya makosa. La kwanza ni mapunguzo yenye masharti: HP ipate asilimia 95 ya chipu za kompyuta zake za mezani za biashara kutoka Intel, NEC asilimia 80, na Dell zote. La pili ni malipo ya moja kwa moja ya kuchelewesha au kuzuia bidhaa zenye AMD. Acer iliahirisha laptopu ya AMD kutoka Septemba 2003 hadi Januari 2004. Lenovo nayo iliahirisha yake mwaka 2006. Na HP, kwa upande wa kompyuta za mezani za biashara zenye AMD, haikuruhusu mawakala wake kuziweka dukani, na ilichelewesha kuzitoa kwa miezi sita katika eneo ambalo makampuni huliweka pamoja: Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. Kenya imo ndani ya eneo hilo. Mwenye duka la Nairobi aliyetaka kuagiza mashine hiyo alikuwa anasubiri kwa sababu ambayo hakuna mtu aliyemweleza.

Kesi hiyo haikuisha vizuri kwa Tume. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliirudisha ichunguzwe upya, na Januari 2022 faini yote ikafutwa, kwa hoja kwamba Tume haikuthibitisha barabara kuwa mapunguzo yale yangemshinda mshindani mwenye ufanisi sawa na wa Intel. Ni hesabu ileile ya dola 50 na dola 90 iliyobishaniwa. Oktoba 2024 uamuzi huo ukathibitishwa. Lakini kundi la pili, lile la malipo ya kuchelewesha, halikufutwa, na mwaka 2023 Tume ilitoza faini mpya ya yuro milioni 376 kwa makosa hayo pekee. Mimi nakubaliana na mahakama kwamba punguzo si dhambi kwa jina lake tu na lazima lipimwe. Ila miaka 15 kati ya faini ya kwanza na hukumu ya 2024 ni mirefu mno. Kompyuta zilizobishaniwa zilishauzwa, zikachakaa na kutupwa.

Upande wetu wa Afrika Mashariki, mashindano haya yaliwahi kuingia darasani. Nicholas Negroponte alipoonyesha hadharani laptopu ya mradi wake wa laptopu moja kwa kila mtoto, Tunis, Novemba 2005, AMD ilikuwa miongoni mwa wafadhili wake, na mashine ya kwanza ya mradi, XO-1, ilitumia chipu yake ya Geode ya megahezi 433. Intel ikajibu kwa Classmate, kompyuta yake ya wanafunzi. Pande hizo mbili zilijaribu kupatana Julai 2007, Intel ikaingia kwenye bodi ya mradi, na Januari 2008 ikatoka huku kila upande ukimlaumu mwenzake. Rwanda ilibaki na XO na kugawa zaidi ya 200,000. Ureno ilichukua njia ya Intel: mwaka 2008 kampuni ya JP Sá Couto ilianza kuunda kule laptopu ya watoto iitwayo Magalhães, iliyotokana na Classmate.

Jina la JP Sá Couto linafahamika Eldoret. Serikali ya Jubilee iliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013. Zabuni iliyopewa Olive Telecommunications ya India mwaka 2014 ikapingwa na washindani, wakiwemo HP na Haier, ikabatilishwa. Mradi uliporudi mwaka 2016, kazi iligawanywa kwa vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Sá Couto kikapewa kaunti 26, na kile cha Jomo Kenyatta pamoja na Positivo BGH kikapewa 21. Moi kikaweka kiwanda chake cha kuunganisha vifaa hivyo kwenye eneo la kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret. Vijana wa Uasin Gishu walifunga skrubu za vifaa vya wanafunzi mjini kwao, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mjadala wa hadhara ulijaa bei, umeme, wizi na mafunzo ya walimu. Swali la chipu, kwamba mnunuzi wa zaidi ya vifaa milioni 1 ana nguvu ya kuwagombanisha Intel, AMD na wengine mpaka bei ishuke na uwezo upande, halikupewa nafasi iliyostahili. Wanunuzi wakubwa kiasi hicho ni wachache katika ukanda huu, na nafasi ile haikujirudia.

Faida ya ushindani wa kweli inaonekana dukani Eldoret hata leo, ukijua pa kutazama. Baada ya mwaka 2006 AMD iliteleza. Chipu zake za familia ya Bulldozer, za mwaka 2011, zilikula umeme mwingi kwa kazi ndogo. Viwanda vyake ilishavitenga mwaka 2009 kwa fedha za Abu Dhabi. Na mwaka 2015 hisa yake ilishuka chini ya dola 2. Intel ikabaki karibu peke yake. Katika kipindi hicho laptopu za kawaida za ofisini zenye i5, hata nyingi za i7, zilikuwa na viini (cores) viwili tu, mwaka baada ya mwaka. Chukua i5-7200U ya jen (kizazi) ya 7, fungua Task Manager, uone: viini viwili. Machi 2017 AMD ikatoa chipu za Ryzen. Agosti mwaka huohuo Intel ikatangaza jen ya 8, na i5-8250U ikaja na viini vinne katika laptopu ya daraja lilelile. Oktoba chipu zake za mezani zikapanda kutoka viini vinne hadi sita. Sidhani Intel iligundua njia hiyo ghafla katika miezi mitano. Ubunifu wa chipu huchukua miaka. Ila kilichoifanya iitoe kwa bei ile na kwa wakati ule ni kujua kwamba Lenovo na HP sasa zina pa kwenda.

Mnunuzi wa Plateau hulipa tofauti hiyo kila siku. Muuzaji akisema "hii ni jen ya 8," bei hupanda, na ana haki. Pengo hilo limezidishwa na Microsoft. Tarehe 14 Oktoba 2025 iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 rasmi inahitaji, kwa jumla, Intel ya jen ya 8 kwenda mbele, au Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda mbele. Mashine ya jen ya 6 au 7 haitazimika, lakini nje ya mpango wa nyongeza wa muda haipati tena viraka vya usalama, na saiba ni mahali ambapo watu huingiza nywila za KRA na namba za kitambulisho. Ofisi za Ulaya zinazitupa mashine hizo kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo zitaendelea kuja huku kwa wingi na kwa bei ya kuvutia. Ukilazimika kuinunua, iwekewe Linux.

Jingine linalosikika madukani ni kwamba AMD hupata moto. Lina asili ya kweli katika miaka ya Bulldozer, lakini limezidishwa na jinsi watengenezaji walivyozipanga bidhaa zao. Chipu za AMD za A4 na E2 ziliwekwa kwenye laptopu za bei ya chini kabisa, zenye feni ndogo, RAM ya 4GB na diski ya polepole. Mtu akailinganisha na EliteBook yenye i5 na kuhitimisha kwamba kosa ni la chipu. Celeron ya Intel kwenye laptopu ya aina hiyo hunung'unikiwa vilevile, ila lawama huenda kwa laptopu, haiendi kwa Intel. Ryzen za leo zimejengwa na TSMC ya Taiwan na hazistahili sifa hiyo mbaya. Kwa hiyo soma namba, usisome kibandiko: i5 ya mwaka 2012 hushindwa na i3 ya mwaka 2020.

Mizani sasa imegeuka. Intel ilipata hasara ya dola bilioni 18.8 mwaka 2024, mkurugenzi wake mkuu Pat Gelsinger akaondoka Desemba, na Agosti 2025 serikali ya Marekani ikachukua takriban asilimia 10 ya kampuni. Apple ilianza kuiacha Intel Novemba 2020 kwa chipu yake ya M1, na Qualcomm iliingia kwenye laptopu za Windows kwa nguvu mwaka 2024. Hayo ni mema kwa mnunuzi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba AMD, Apple na Qualcomm zote hutegemea viwanda vya TSMC, na hata Intel huagiza huko sehemu ya chipu zake. Hapa kwetu Semiconductor Technologies Limited, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, imeanza safari yake ya kutengeneza chipu, lakini prosesa ya kompyuta ni daraja jingine kabisa, na tutakuwa wanunuzi kwa miaka mingi.

Basi nguvu yetu ni ya mnunuzi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko mikononi mwa serikali, kaunti, vyuo na shule. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza kutumia vibaya ukubwa wa soko, lakini ushahidi wa mikataba ya chipu hukaa California na Texas, na Ulaya yenyewe ilihangaika nao kwa miaka. Zabuni tunaziandika sisi wenyewe. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinakataza kutaja jina la biashara katika masharti ya kiufundi isipokuwa hakuna namna nyingine ya kueleza kinachohitajika, na hata hapo lazima bidhaa inayolingana ikubaliwe. Bado si ajabu kukuta zabuni ya kompyuta imeandikwa "Intel Core i5". Maneno "au inayolingana nayo" yakiongezwa bila kusema inalingana katika nini, mkaguzi wa zabuni huogopa na kuchukua jina lililotajwa. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliziandama Ujerumani na Italia kwa kosa hilohilo, kutaja Intel au kasi ya gigahezi katika zabuni za serikali, kisha ikazifuata nchi nyingine.

Najua hoja ya upande wa pili. Fundi anazijua mashine za aina moja, spea zinapatikana, na programu zimejaribiwa. Hoja hiyo ina uzito katika kuchagua muundo wa kompyuta, lakini chipu haitengenezwi na fundi wa mtaani wala haibadilishwi kwenye laptopu nyingi, na programu za ofisi na za shule huendeshwa na chipu zote mbili bila tofauti.

Nawaomba wanaokaa kwenye kamati za manunuzi za shule, vyuo vya ufundi na kaunti, Uasin Gishu na kwingineko, waandike mahitaji kwa kazi: idadi ya viini, kiwango cha RAM, alama katika jaribio la kasi linalotambulika, saa za betri, na miaka ambayo mfumo wa uendeshaji utaendelea kuhudumiwa. Kisha waache anayeuza Intel na anayeuza AMD washindane kwa bei mbele yao. Sheria inaruhusu, na haihitaji kibali cha Nairobi.